Pasipoti humtangulia mwalimu: Yanayomsubiri kijana aendaye ng'ambo kufunza Kiingereza

KIJANA anapohitimu chuo kikuu akiwa na shahada ya ualimu, masomo yake yakiwa Kiingereza na fasihi, hutarajia kuajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC). Wengi husubiri kwa miaka, wakilipwa ujira wa kibarua na bodi za shule au wakifunza katika shule za kibinafsi kwa mshahara usiotosha nauli na kodi ya nyumba. Katika kusubiri huko ndipo tangazo humfikia kwenye simu: walimu wa Kiingereza wanatakikana Bangkok, Shenzhen au Hanoi, nyumba ni ya bure, nauli ya ndege itarejeshwa, na mshahara ni mara kadhaa ya ule wa nyumbani. Masharti huwa mawili tu, kukijua Kiingereza na kuwa tayari kusafiri.

Huenda tangazo likawa la kweli. Kazi hiyo ipo, ina historia ndefu, na imewapa maelfu ya vijana wa mataifa mbalimbali nafasi ya kuiona dunia kwa gharama ya mwajiri. Hata hivyo, kuna jambo ambalo matangazo hayalisemi, nalo ndilo linaloamua karibu kila kitu. Katika soko hili kinachonunuliwa kwanza si Kiingereza cha mwalimu bali ni pasipoti yake. Asiyelielewa hilo kabla ya kupanda ndege huja kulielewa katika ofisi ya uhamiaji, na huko somo hilo lina karo kubwa.

Ufundishaji wa lugha kama njia ya kijana kuishi ugenini haukuanza jana. Maximilian Berlitz alifungua shule yake ya kwanza mjini Providence, Marekani, mwaka wa 1878. Mbinu yake ilikuwa kufunza kwa lugha lengwa pekee, bila tafsiri, na matokeo yake yalikuwa kwamba mwalimu hakuhitaji kujua hata neno moja la lugha ya wanafunzi wake. Ilitosha kwamba aliizungumza yake. Matawi ya Berlitz yalipoenea Ulaya yalihitaji vijana wa kutoka Uingereza na Ireland, na mmoja wao alikuwa James Joyce, aliyefunza katika mji wa Pola mnamo 1904 na kisha Trieste kuanzia 1905, kabla ulimwengu haujamjua kama mwandishi. Lafcadio Hearn, mzaliwa wa Ugiriki aliyelelewa Ireland, aliwasili Japani mwaka wa 1890 akapata kazi ya kufunza Kiingereza katika mji wa Matsue. Alioa huko, akachukua uraia na jina la Kijapani, Koizumi Yakumo, na hadi leo Wajapani humhesabu miongoni mwa waandishi wao.

Sisi wa Afrika Mashariki tuliijua kazi hii kutoka upande wa pili wa dawati. Shirika la VSO lilianzishwa Uingereza mwaka wa 1958, na lile la Peace Corps likafuata Marekani mwaka wa 1961. Mwaka huo huo wa 1961 ulianza mpango wa kuleta walimu vijana kutoka Marekani kuja kufunza katika shule za upili za Kenya, Uganda na Tanganyika zilizokuwa zikikaribia kujitawala bila ya walimu wa kutosha. Wazee wetu waliosoma miaka ya sitini na sabini wanawakumbuka: kijana wa miaka 22 au 23, mwenye pikipiki na redio, aliyeishi katika nyumba ya mwalimu karibu na uwanja wa shule na ambaye likizo ilipofika alitoweka kwenda Lamu au Kilimanjaro. Baadhi yao hawakuwa wamewahi kusimama mbele ya darasa. Paul Theroux, ambaye baadaye alipata umaarufu kwa vitabu vyake vya safari, alifunza Malawi akiwa na Peace Corps kuanzia 1963 kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Makerere. Walilipwa kidogo, lakini walirudi kwao na dunia kichwani.

Mkutano wa Makerere

Ni huko huko Makerere ambako imani inayotawala soko hili hadi leo ilipigwa muhuri. Mnamo Januari 1961 wataalamu wa Jumuiya ya Madola walikutana chuoni humo kujadili ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Nchi nyingi zilikuwa zikipata uhuru, Kiingereza kilikuwa kibaki katika shule na ofisi zake, na ilibidi pawe na msimamo kuhusu jinsi ya kukifunza na nani wa kukifunza.

Miaka 31 baadaye, katika kitabu chake Linguistic Imperialism cha 1992, mwanaisimu Robert Phillipson aliichambua ripoti ya mkutano huo akachuja humo imani tano. Ya kwanza ni kwamba Kiingereza hufunzwa vyema kwa Kiingereza pekee. Ya pili, mwalimu bora wa Kiingereza ni mzungumzaji wake asilia. Nyingine zilidai kwamba kadiri lugha hiyo inavyoanza kufunzwa mapema, na kadiri inavyofunzwa kwa wingi, ndivyo matokeo yanavyokuwa mazuri. Na kwamba lugha nyingine zikitumiwa sana viwango vya Kiingereza vitashuka. Phillipson aliziita zote tano imani potofu. Kuhusu ile ya pili hoja yake ilikuwa kwamba ualimu ni jambo la kufunzwa, wala mtu hazaliwi nao, na kwamba aliyepitia taabu ya kujifunza lugha huzijua pale zilipo kuliko yule aliyeinyonya pamoja na maziwa ya mama.

Hoja hiyo imekubalika katika vyuo vikuu, lakini haijafika katika madawati ya viza. Ndiyo maana mhitimu wa Makerere au wa Chuo Kikuu cha Kenyatta anaweza leo kuzuiwa kufunza Kiingereza bara Asia kwa msingi wa imani iliyoidhinishwa Kampala.

Nchi saba

Korea Kusini ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Viza ya mwalimu wa lugha, ijulikanayo kama E-2, hutolewa kwa walimu wa Kiingereza ambao ni raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Mwombaji anatakiwa awe na shahada ya kwanza, ya somo lolote lile, cheti cha polisi kinachoonyesha hana rekodi ya uhalifu, na apimwe afya. Kijana wa Chicago aliyesomea uhasibu na ambaye hajawahi kumfunza mtu lolote anastahiki. Mkenya mwenye shahada ya ualimu, aliyefanya mazoezi ya kufunza kwa muhula mzima na kusahihisha insha za kidato cha nne, hastahiki.

Kuwapo kwa Afrika Kusini katika orodha hiyo kunastahili kutazamwa. Sensa ya nchi hiyo ya 2011 ilionyesha kwamba waliotumia Kiingereza kama lugha ya kwanza nyumbani walikuwa asilimia 9.6 ya wananchi. Kufikia sensa ya 2022 walikuwa asilimia 8.7. Waliobaki huzungumza Kizulu, Kikhosa, Kiafrikaans na lugha nyingine, kama vile sisi tunavyozungumza Kikamba, Kiluo au Kimeru na kusomea Kiingereza shuleni. Wakorea wenyewe hulijua hilo, kwani raia wa Afrika Kusini huombwa ushahidi kwamba alisomea Kiingereza tangu shule ya upili. Ajabu ni kwamba ushahidi uo huo, akiutoa Mkenya, Mghana au Mnigeria, haumfai kitu. Hata hivyo, mlango uliofungwa kwa sheria hufunguka kwa mapatano: chini ya mkataba wa kibiashara kati ya Korea Kusini na India ulioanza kutekelezwa Januari 2010, walimu wa Kiingereza kutoka India waliohitimu walipewa nafasi ya kuomba viza hiyo. Sikio la Mkorea halikubadilika usiku mmoja. Kilichobadilika ni karatasi.

Mwanaisimu wa Kihindi Braj Kachru aliieleza hali yetu vizuri mwaka wa 1985 alipozigawa nchi zinazotumia Kiingereza katika duara tatu. Duara la ndani ni la Uingereza, Marekani na wenzao. La kati, ambalo aliliita la nje, ni la nchi kama India, Nigeria, Singapore na Kenya, ambako Kiingereza kiliingia na ukoloni kikabaki katika mahakama, bunge na madarasa. La mwisho ni la nchi kama Japani, Uchina na Korea ambako kinafunzwa kama lugha ya kigeni. Soko la ualimu ni la duara la tatu kununua kutoka kwa duara la kwanza, na duara la kati, lenye walimu wengi zaidi waliosomea kazi hiyo, limeachwa likitazama.

Uchina ilikaza kamba katika mwaka wa 2017. Kuanzia tarehe 1 Aprili mwaka huo, vibali vya kazi kwa wageni viliunganishwa katika mfumo mmoja wenye madaraja matatu, A, B na C, na mwalimu wa lugha akatakiwa kwa kawaida awe raia wa nchi ambayo lugha hiyo ni ya asili, mwenye shahada, na uzoefu wa miaka miwili au cheti cha ualimu. Utekelezaji hutofautiana mkoa kwa mkoa, na wapo Waafrika waliopata vibali halali, hasa waliosomea ualimu au waliohitimu katika vyuo vikuu vya nchi zinazokubalika. Lakini kijana asijidanganye kwamba kila anayemwona kwenye picha za mitandaoni akiwa darasani Guangzhou ana kibali cha kuwa humo.

Kisha Julai 2021 serikali ya Uchina ilipiga marufuku biashara ya masomo ya ziada yenye faida kwa masomo ya msingi ya shule, ikazuia pia kampuni kuajiri walimu wa kigeni wanaoishi nje ya nchi kufunza watoto kupitia intaneti. Kampuni kama VIPKid, iliyoanzishwa 2013 na ambayo ilikuwa imeajiri maelfu ya Wamarekani na Wakanada kufunza wakiwa majumbani mwao, zilipoteza uti wa mgongo wa biashara hiyo katika muda wa miezi michache. Waliokuwa wakilipia nyumba kwa kazi hiyo waliachwa kwenye mataa.

Thailand ina njia nyingine. Mwalimu wa kigeni anahitaji viza ya kazi iitwayo Non-Immigrant B, kibali cha kazi, na leseni ya Baraza la Walimu la nchi hiyo au ruhusa ya muda. Asiyetoka katika nchi za duara la ndani huombwa matokeo ya mtihani wa Kiingereza kama TOEIC. Hapo mlango u wazi, na ndiyo sababu Wafilipino ni wengi mno katika shule za huko, na Waafrika nao wapo, Wakameruni hasa. Tatizo ni kwamba mshahara nao hufuata pasipoti. Ni jambo la kawaida Mfilipino mwenye shahada ya ualimu na uzoefu wa miaka kumi kulipwa chini ya kijana wa Australia aliyeshuka kwenye ndege mwezi uliopita, wote wakifunza ghorofa moja.

Japani, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndiyo iliyokaribia kuuliza swali la haki. Kanuni zake za uhamiaji kuhusu walimu wa lugha za kigeni huangalia kama mwombaji amepata elimu katika lugha hiyo kwa miaka isiyopungua 12. Mkenya aliyepitia mfumo wa 8-4-4 anaweza kupiga hesabu mwenyewe. Sera yetu ni kufunza kwa lugha ya mazingira katika madarasa matatu ya mwanzo na kwa Kiingereza kuanzia darasa la nne. Kutoka hapo hadi kidato cha nne ni miaka tisa, na chuo kikuu ni minne. Jumla ni 13. Kupata mwajiri ni kazi nyingine, lakini angalau hapo anayepimwa ni msomi, si rangi ya jalada la pasipoti.

Ngozi nayo haiwezi kupuuzwa. Mara nyingi shule za kibinafsi za Asia Mashariki humtaka mwombaji aambatishe picha, na Wamarekani na Waingereza weusi, wenye pasipoti zinazokubalika kabisa, wameeleza mara nyingi jinsi simu zinavyonyamaza picha ikishatumwa. Mwenye shule hujitetea kwamba wazazi ndio wanaodai. Wazazi nao wamefunzwa na matangazo ya shule hizo hizo.

Kuna kinaya kimoja ambacho wapenzi wa Kiswahili watakiona mara moja. Mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa ufundishaji wa lugha, ujulikanao kwa kifupi kama FLTA, huwachukua walimu vijana kutoka Kenya na kuwapeleka katika vyuo vikuu vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, na wengi wa wanaochaguliwa ni walimu wa Kiingereza. Wakifika huko hufunza Kiswahili. Mtu yule yule ambaye Seoul humwona kuwa mgeni wa Kiingereza hupokewa Marekani kama mwenyeji wa Kiswahili asiyehitaji kuhojiwa, hata kama mamake alimlea kwa Kikalenjin na Kiswahili alikutana nacho darasani, sawa na Kiingereza.

Maisha yenyewe

Tuchukulie mlango umefunguka. Mpango mkubwa kuliko yote ni ule wa Japani uitwao JET, ulioanza 1987 kwa washiriki 848 kutoka nchi nne: Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Ulikua ukafikia washiriki 6,273 mwaka wa 2002, na orodha ya nchi ikapanuka hadi Jamaika, Trinidad na Tobago, Afrika Kusini, Singapore na nyinginezo. Wengi huajiriwa kama walimu wasaidizi wa lugha katika shule za serikali, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja usiozidi mitano.

Msaidizi hupelekwa kokote, na mara nyingi si Tokyo. Anaweza kujikuta katika kijiji cha wavuvi chenye wazee wengi kuliko watoto, yeye akiwa mgeni pekee. Nyumba hazina joto la kati, na Januari mtu hulala karibu na jiko la mafuta ya taa akiwa amevaa koti. Shuleni huvua viatu mlangoni na kuvaa ndara za ndani. Wanafunzi hupakuliana chakula cha mchana darasani, mwalimu akila pamoja nao, na baada ya masomo hushika mafagio na matambara wakasafisha shule nzima. Mwalimu Mkenya hatalishangaa hilo la mwisho. Litakalomshangaza ni kimya. Mwanafunzi wa Kijapani akiulizwa swali hutazama chini, hugeuka kushauriana na jirani, na huenda asijibu kamwe, kwa kuwa kukosea mbele ya wenzake ni aibu kubwa kuliko kunyamaza.

Isitoshe, msaidizi si bwana wa darasa. Mwalimu mwenye darasa ni Mjapani, na mitihani ya kuingia shule za juu, ambayo kwa miaka mingi imepima sarufi na ufahamu wa maandishi zaidi ya mazungumzo, ndiyo inayoamua kinachofunzwa. Wasaidizi wengi hulalamika kwamba hugeuzwa kinasa sauti: husimama, husoma aya moja kwa lafudhi inayotakikana, huketi. Likizo ya wanafunzi ikifika hutakiwa kufika ofisini vivyo hivyo na kukaa kwenye dawati siku nzima bila kazi. Waliotumia saa hizo kujifunza Kijapani ndio waliofaidi zaidi.

Korea kazi nyingi ziko katika vituo vya kibinafsi vya masomo ya ziada viitwavyo hagwon. Mpango wa serikali wa kupeleka walimu katika shule za umma, EPIK, ulianza 1995, lakini hagwon ndizo zinazoajiri kwa wingi. Kazi huanza wanafunzi watokapo shuleni na kuendelea usiku. Seoul ilibidi iweke amri ya kuvifunga vituo hivyo saa nne usiku, na Mahakama ya Kikatiba ikaiidhinisha mwaka wa 2009. Mwalimu hupewa nyumba na mshahara mzuri, na sheria inamdai mwajiri amlipe mshahara wa takriban mwezi mmoja kama kiinua mgongo akitimiza mwaka. Hapo ndipo penye mtego. Malalamiko ya tangu zamani ni ya walimu kupigwa kalamu mwezi wa kumi au wa kumi na moja ili mwenye shule asilipe.

Kwa anayedumu, manufaa ni ya kweli. Nyumba ikiwa ya mwajiri, kijana asiye na anasa huweka akiba, hulipa mkopo wa chuo, na likizo ikifika hupanda treni au ndege ya bei nafuu kwenda kuona Kyoto, Busan, Angkor Wat au visiwa vya kusini mwa Thailand. Mwenye pasipoti ya Kenya huliona hapo pia tofauti lake: mwenzake Mwingereza huamua Ijumaa na kusafiri Jumamosi, ilhali yeye huomba viza wiki kadhaa kabla, na taarifa za benki mkononi.

Hata pasipoti yenye nguvu haimkingi mtu kabisa. Oktoba 2007 kampuni ya Nova, iliyokuwa na mtandao mkubwa zaidi wa shule za mazungumzo ya Kiingereza nchini Japani, iliporomoka. Walimu wa kigeni wapatao 4,000 walibaki bila mishahara, na kwa kuwa wengi waliishi katika nyumba zilizopangwa na kampuni, baadhi walipewa notisi za kuhama baada ya kugundua kwamba kodi waliyokatwa kwenye mishahara haikuwa imemfikia mwenye nyumba. Chama cha wafanyakazi kilianzisha mpango wa walimu kufunza ili wapewe chakula. Mwanzilishi wa kampuni hiyo alihukumiwa na mahakama mwaka wa 2009 kwa ubadhirifu.

Mwaka huo huo wa 2007 Korea Kusini ilianza kuwataka walimu wa kigeni wa lugha wapimwe virusi vya Ukimwi, sharti ambalo halikuwahusu walimu Wakorea. Mwalimu mmoja raia wa New Zealand alikataa kurudia kipimo, akakosa kuongezewa mkataba, akapeleka malalamiko kwa kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi wa rangi. Mnamo 2015 kamati hiyo iliamua kwamba sharti hilo lilikuwa la kibaguzi, na 2017 Korea ikaliondoa.

Viza ya utalii

Hatari kubwa kwa Mkenya iko katika maneno haya ya wakala: "Njoo na viza ya utalii, ya kazi tutabadilisha ukishafika." Pengine wapo waliobadilishiwa. Lakini anayefunza akiwa mtalii au mwanafunzi anafanya kazi kinyume cha sheria tangu siku ya kwanza, hata kama shule yenyewe ina leseni. Sheria ya Uchina ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika Julai 2013, inaweka faini ya kati ya yuan 5,000 na 20,000, na katika hali nzito kifungo cha siku tano hadi 15, na mtu anaweza kufukuzwa nchini. Mwenye shule hulijua hilo vizuri. Ndiyo sababu mwalimu asiye na kibali hulipwa nusu, hucheleweshewa, na hanyanyui sauti.

Yapo mabaya zaidi ya hayo. Tangu 2022 serikali ya Kenya imekuwa ikionya kuhusu vijana wanaoahidiwa kazi zenye mshahara mnono Thailand, ambao wakitua Bangkok husafirishwa kwa magari hadi mpakani, huvushwa mto na kujikuta Myanmar katika kambi zenye walinzi wenye bunduki, wakilazimishwa kulaghai watu mitandaoni. Wanaotafutwa ni wale wale wanaoandika na kuzungumza Kiingereza safi. Mapema 2025 makumi ya Wakenya walikuwa miongoni mwa maelfu ya watu wa mataifa mbalimbali waliotolewa katika kambi za eneo la Myawaddy.

Vyeti navyo vina soko lake. Kozi fupi ambayo ikaja kuwa kielelezo cha taaluma hii ilianzishwa London mwaka wa 1962 na International House, shule iliyoanzishwa na John na Brita Haycraft huko Córdoba, Uhispania, 1953. Mrithi wake, CELTA ya Cambridge, ina angalau saa 120 za masomo, sita kati yake zikiwa za kufunza wanafunzi halisi huku mkufunzi akitazama. Vyeti vingi vinavyouzwa kwenye intaneti vina saa 120 hizo hizo kwenye karatasi na wala havina mwanafunzi hata mmoja. Aliye na shahada ya ualimu kutoka chuo kikuu cha Kenya amefunza kwa vitendo zaidi ya vyote viwili, ila afisa wa uhamiaji huenda akakitaka cheti kwa sababu kimeandikwa katika orodha yake. Kabla ya kukilipia, ni busara kuuliza ubalozi wa nchi husika kama kinatambuliwa. Wakala hawezi kuaminiwa kulijibu swali hilo.

Wakala mwenyewe ahakikiwe katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Uajiri (NEA). Vyeti vithibitishwe na Wizara ya Mambo ya Nje kabla ya safari, kwani kuvithibitisha ukiwa ng'ambo ni ghali na huchukua miezi. Mkataba usomwe kabla ya kutiwa sahihi: saa za kufunza kwa juma zitofautishwe na saa za kuwapo shuleni, ijulikane nani analipa nauli ya kurudi mkataba ukivunjika, na nyumba ni ya nani. Viza iliyogongwa muhuri katika pasipoti iwe ya kazi, na pasipoti hiyo isikabidhiwe mwajiri aihifadhi, hata akisema ndiyo desturi ya huko. Akifika, kijana ajisajili katika ubalozi wa Kenya ulio karibu, iwe ni Beijing, Tokyo, Seoul au Bangkok. Ule wa Bangkok ndio unaoshughulikia pia Wakenya walioko Myanmar.